Sampuli safarini: mtandao wa maabara unavyosimama na unavyoanguka

Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, sampuli zilipelekwa Afrika Kusini ndipo ugonjwa ukajulikana. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Bundibugyo. Sampuli zilivuka bahari hadi Atlanta, na huko ikabainika kuwa ni kirusi kipya cha Ebola, kikapewa jina la wilaya hiyo. Septemba 2022 mambo yalikuwa tofauti. Sampuli ya mgonjwa wa Mubende ilipimwa Entebbe, katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI, na tarehe 20 mwezi huo Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko.

Maendeleo hayo yana sura mbili. Moja huonekana: mashine, majengo, makoti meupe. Ya pili ni safari ya sampuli kutoka mkono wa muuguzi hadi mezani kwa mpimaji, na safari ya majibu kurudi kwa mgonjwa. Hii ya pili ndiyo huamua kama ile ya kwanza ina maana yoyote. Mashine ya mamilioni haiwezi kuokoa damu iliyoganda njiani, na jibu sahihi linalokaa kwenye droo wiki tatu halimsaidii mtoto anayesubiri dawa.

Uganda ilianza kupanga upya safari hiyo karibu mwaka 2011, kwa majaribio ya habu 19. Habu ni maabara ya hospitali au ya kituo cha afya cha daraja la nne, inayokusanya sampuli za vituo 20 hadi 50 vilivyo ndani ya takriban kilomita 40. Ilipewa pikipiki na mwendeshaji aliyefundishwa kubeba sampuli. Huyu ana ratiba yake: kila siku njia moja, kila kituo angalau mara moja kwa wiki, anaacha majibu ya safari iliyopita na kuchukua mzigo mpya. Kutoka habu, huduma ya posta ikabeba sampuli hadi Maabara Kuu za Afya ya Jamii, CPHL, jijini Kampala. Leo habu zimefika takriban 100 nchi nzima.

Kabla ya hapo kila mradi ulikuwa na njia yake. Wa kifua kikuu walikuwa na usafiri wao, wa UKIMWI wa kwao, na kituo kisicho na mfadhili kilimpa mgonjwa kichupa akipeleke mwenyewe kwa boda boda. Pikipiki moja ya habu inabeba vyote: makohozi, kadi za damu ya watoto wachanga za kupima virusi vya UKIMWI, damu ya kupima wingi wa virusi hivyo, na sampuli za surua inaposhukiwa. Gharama ya usafiri ilishuka kwa zaidi ya nusu. Huu ndio uamuzi bora kabisa uliofanywa katika mfumo huu, na ndio ulio hatarini zaidi fedha za wafadhili zinapopungua, kwa sababu petroli, matairi na posho ya mwendeshaji havina mtu wa kuvitetea kwenye vikao vya bajeti.

Sasa tuangalie sampuli yenyewe, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika.

Kadi ya damu kavu ndiyo rafiki mkubwa wa kituo cha mbali, kwa kuwa haihitaji baridi. Ina miduara 5, na kila mduara unataka mikrolita 50 hadi 75, kiasi cha kuujaza wote na kupenya hadi upande wa pili. Makosa ni yale yale kila mahali. Mhudumu anadondosha tone dogo, anaona halijatosha, anaongeza jingine juu yake. Damu inakuwa na tabaka mbili na kipimo hakiaminiki. Au anagusa mduara kwa vidole. Au mvua inanyesha, mwendeshaji pikipiki amefika, kadi bado mbichi, na inaingizwa mfukoni hivyo hivyo. Kadi inatakiwa kukauka kwenye kichanja, imelala, mbali na jua na vumbi, kwa saa 4 kwa uchache, na ni bora ilale usiku kucha. Kisha karatasi laini isiyopitisha unyevu huwekwa kati ya kadi na kadi, zote zikaingia kwenye mfuko wa kufunga kwa kubana, pamoja na vipakiti vya silika ya kufyonza unyevu na kikadi cha kuonyesha unyevu. Kikadi kikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, silika imeshiba, badilisha. Msimu wa mvua, vituo vya kandokando ya ziwa huhitaji silika nyingi zaidi kuliko vya Karamoja kwenye ukame, lakini mgao mara nyingi ni sawa kwa wote. Hilo ni jambo dogo la kurekebisha na linaokoa kadi nyingi.

Damu ya kichupa chenye kifuniko cha zambarau ina haraka yake. Kwa kipimo cha wingi wa virusi, plazma inapaswa kutenganishwa na chembe ndani ya saa 24, na baadhi ya mashine hutaka muda mfupi zaidi ikiwa damu imekaa kwenye joto la chumba. Kichupa kigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 mara tu baada ya kutoa damu, la sivyo mabonge ya damu huziba sindano ya mashine. Kigeuzwe, kisitikiswe. Kikitikiswa, chembe nyekundu hupasuka.

Pakiti za barafu nazo zina hila. Mhudumu mwenye nia njema huzitoa kwenye friza na kuzipanga moja kwa moja juu ya vichupa. Pakiti iliyotoka friza ina baridi chini ya sifuri. Damu nzima inaganda, chembe zinapasuka, na maabara inapokea kimiminika chekundu kisichofaa. Dawa yake ni kuziacha pakiti mezani hadi zianze kutoa jasho na maji yasikike yakicheza ndani ukizitikisa. Hapo ndipo ziingie kwenye sanduku, na bado kuwe na kadibodi au kitambaa kati yake na vichupa. Lengo ni nyuzi 2 hadi 8, na kipimajoto kiwe ndani ya sanduku, kisibandikwe kwenye mfuniko.

Si kila kitu kinataka baridi, na hili husahaulika. Maji ya uti wa mgongo yanayokwenda kuoteshwa kutafuta kijidudu cha homa ya uti wa mgongo hayawekwi kwenye jokofu hata kidogo, maana kijidudu hicho hufa kwa baridi. Eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, liko ndani ya ukanda wa homa hiyo, kwa hiyo kosa hili lina gharama halisi kule. Pamba ya kipindupindu ikiwa ndani ya kihifadhi cha Cary-Blair inasafiri vizuri kwenye joto la kawaida. Kinyesi cha mtoto aliyepooza ghafla, kinyume chake, lazima kiwe kwenye baridi muda wote. Sampuli mbili, zimepishana saa 24 hadi 48, zichukuliwe ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanza, kila moja gramu 8 hivi, na zifike maabara ya polio ndani ya saa 72. Anayeweka kila kitu kwenye sanduku moja na barafu moja atakuwa amefaulu kwa baadhi na kuua baadhi.

Ufungaji wenyewe ni wa tabaka tatu. Chombo cha ndani kisichovuja, kimezungushiwa kitu cha kufyonza kinachotosha maji yote yaliyomo. Chombo cha kati, nacho kisichovuja. Kisha sanduku gumu la nje, ambalo upande wake mmoja angalau una milimita 100 kwa 100 na linahimili kuanguka kutoka mita 1.2. Sampuli za kawaida hubandikwa alama UN3373. Sampuli za kimiminika zinazopanda ndege chini ya alama hiyo haziruhusiwi kuzidi lita 1 kwa chombo cha ndani na lita 4 kwa sanduku zima. Ikitumika barafu kavu, sanduku liwe na njia ya kupumua na uzito wa barafu uandikwe kwa kilo. Ukiliziba, gesi inalipasua. Fomu haikai ndani pamoja na vichupa. Inakaa kati ya chombo cha kati na sanduku la nje, ili kichupa kikivuja isilowe.

Na fomu ndiyo inayokataliwa kuliko damu. Jina kwenye kichupa ni Nakato, kwenye fomu ni Babirye. Tarehe ya kuchukua sampuli haipo, kwa hiyo maabara haiwezi kujua kama saa 24 zimepita. Namba ya simu ya kituo haipo. Vibandiko vya msimbo mstari, kimoja kwenye kichupa, kimoja kwenye fomu, kimoja kwenye daftari la kituo, huondoa makosa mengi kwa siku moja, na ni bei ndogo mno ukilinganisha na kumwita mama arudi na mtoto kutoa damu upya.

Kuna hesabu moja ambayo kila msimamizi wa maabara wa wilaya aifanye kwa karatasi na kalamu. Chukulia damu ya mtoto imetolewa Ijumaa mchana, na pikipiki hupita kituo hicho kila Alhamisi. Kadi inakaa siku 6. Inafika habu Alhamisi jioni, inaondoka Ijumaa, inapokelewa Kampala Jumamosi, inaingizwa kwenye kompyuta Jumatatu, inapimwa Jumanne. Jibu liko tayari Jumatano, lakini kama kituo hakina njia ya kulipata kwa simu au kompyuta, linasubiri kupanda pikipiki ya Alhamisi ya wiki inayofuata, au hata ile ya baada yake. Jumla ni karibu wiki tatu, na mashine imefanya kazi saa chache tu kati ya hizo. Ukinunua mashine ya pili, utapunguza labda siku moja. Ukiongeza siku ya pili ya pikipiki, utapunguza siku tatu hivi. Na ukiamua tu kwamba kliniki ya watoto ifanyike Jumanne au Jumatano badala ya Ijumaa, unaokoa siku nne au tano bila kutumia shilingi.

Hesabu hiyo ni ngumu zaidi palipo na maji. Kalangala ina visiwa 84, na mashua haiondoki ziwa likichafuka. Droni za Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere zilianza kupeleka dawa za ARV huko mwaka 2021, lakini mzigo mkubwa bado unategemea injini ya mashua, hali ya hewa na nahodha. Kwa watu wanaopanga huduma za visiwa hivi, inafaa kuangalia walivyofanya wenzetu wa Pasifiki, kwa sababu wao tatizo hili ndilo maisha yao. Kiribati peke yake, kutoka Tarawa hadi kisiwa cha Kiritimati, ni zaidi ya kilomita 3,000 za bahari.

Nchi na maeneo 22 ya huko yaliunda mtandao wa ufuatiliaji wa afya ya jamii Desemba 1996, chini ya Jumuiya ya Pasifiki yenye makao Nouméa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Ndani yake kuna mtandao wa maabara, LabNet, uliopangwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni maabara za hospitali za kila nchi. Ya pili ni maabara chache za kanda: Suva, Nouméa, Papeete na Guam. Ya tatu ni maabara rejea za nje, kama Melbourne na Wellington. Kinachovutia si ngazi zenyewe, maana hata sisi tunazo. Ni kwamba nchi ndogo zilikubali wazi kwamba si kila moja itakuwa na kila kipimo. Kisiwa chenye watu elfu kumi hakina sababu ya kutunza vitendanishi vya kipimo kinachotakiwa mara mbili kwa mwaka. Vitaisha muda kabla havijatumika. Kinachotakiwa ni kujua mapema sampuli itaenda wapi, kwa ndege ya siku gani, na nani atalipia.

Yap, moja ya visiwa vya Mikronesia, ilionyesha faida ya hilo mwaka 2007. Madaktari waliona watu wenye upele, homa na maumivu ya viungo. Vipimo vya haraka vya homa ya dengi vilionyesha baadhi yao wana dengi, lakini dalili hazikuwashawishi madaktari, wakapeleka damu Fort Collins, Marekani. Jibu lilikuwa Zika, kirusi ambacho kilipatikana mara ya kwanza mwaka 1947 kwenye damu ya nyani aliyewekwa msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Kipimo cha haraka kilikuwepo na kilitoa jibu. Lilikuwa si jibu sahihi. Bila njia ya kupeleka sampuli ngazi ya juu, Yap ingehesabu mlipuko wa dengi.

Uganda ina mfano wake wa aina hiyo, na kila mhudumu wa maabara anapaswa kuujua. GeneXpert ni mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu ndani ya katriji, yaani kikasha kidogo cha plastiki kinachowekwa sampuli; katriji yake ya Ebola hutambua Ebola ya aina ya Zaire tu. Mlipuko wa Mubende ulikuwa wa aina ya Sudan, na wa Kampala ulioanza Januari 2025 vile vile. Mtu angetumia katriji hiyo kwa mgonjwa wa Mubende, angepata jibu hasi na kumrudisha mgonjwa wodini au nyumbani. Na hata kipimo sahihi kina sharti: damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze ikitoa jibu hasi, irudiwe. Sampuli ya mshukiwa kama huyo haipandi pikipiki ya kawaida pamoja na kadi za watoto. Ina utaratibu wake wa kundi la hatari ya juu, alama UN2814, na simu kwa msimamizi wa wilaya hutangulia kabla damu haijatolewa. Wakati wa Mubende, UVRI ilipeleka maabara ya gari huko huko, na saa za kusubiri zikapungua sana.

Kwa kuwa GeneXpert sasa ndiyo mashine ya kila habu kubwa, ni vizuri kusema inavyoumwa. Mashine yenye moduli 4 hufanya vipimo 12 hadi 16 vya kifua kikuu kwa siku ya kazi. Moduli moja ikifa, robo ya uwezo imeondoka, na mara nyingi hubaki hivyo kwa miezi kwa sababu mkataba wa matengenezo umekwisha. Adui wa kwanza ni vumbi: kichujio cha feni kisafishwe kila mwezi, na kila wiki pale ambapo barabara ya murramu inapita mbele ya dirisha. Wa pili ni joto. Mashine inataka chumba cha nyuzi 15 hadi 30, na katriji zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 28. Stoo ya mabati kule Adjumani mwezi wa Februari inavuka hapo kabla ya saa sita. Wa tatu ni umeme, na ukikatika katikati ya kipimo katriji imekwenda. Kosa namba 2008 humaanisha shinikizo limezidi, mara nyingi kwa sababu makohozi ni mazito mno: kitendanishi kiwe mara mbili ya makohozi, kitikiswe kwa nguvu, kiachwe dakika 15, kitikiswe tena katikati ya muda huo. Makosa ya 5006 na 5007 mara nyingi yanaelekeza kwenye ujazo usio sahihi au sampuli yenye mabaki ya chakula. Habu inayoandika namba za makosa kila wiki itagundua kama tatizo ni moduli moja, mpimaji mmoja au kituo kimoja. Isiyoandika huagiza katriji zaidi tu.

Ubora una mfumo wake wa nyota, SLIPTA, unaotumika kanda yote ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani: asilimia 55 ni nyota 1, na asilimia 95 ni nyota 5. Nyota ni nzuri, lakini nguvu kubwa zaidi iko kwenye sampuli za majaribio ambazo maabara hutumiwa bila kuambiwa jibu. Zipimwe na mtu yule yule, kwa saa zile zile, kama za wagonjwa. Maabara inayompa fundi wake bora azipime mara tatu inajinyima habari pekee iliyokuwa ya maana.

Linalobaki gumu ni mipaka. Mwaka 2020 madereva wa malori walilala siku nyingi Malaba na Busia wakisubiri majibu ya korona, foleni ikaenda kilomita nyingi, kwa sababu jibu la upande mmoja halikukubalika upande wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa maabara 9 za magari na kuweka mfumo wa kielektroniki wa kumfuatilia dereva na cheti chake. Msingi wa kuaminiana ulikuwa umeanza kuwekwa mapema zaidi. Mradi wa kuunganisha maabara za Afrika Mashariki, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010, uliwafanya wakaguzi wa nchi moja kukagua maabara za nchi jirani. Maabara rejea ya kifua kikuu ya Uganda nayo ikawa ya kimataifa mwaka 2013, ikihudumia nchi nyingine. Ukimkagua jirani kwa fomu ile ile unayokaguliwa nayo, unalijua jibu lake lina thamani gani.

Kwa hiyo maabara za Arua, Mbale, Mbarara na Gulu zinahitaji vitu vitatu ambavyo havina fahari. Makubaliano ya kupokea na kutuma sampuli kuvuka mpaka, yaliyosainiwa wakati hakuna mlipuko, kwa sababu wakati wa mlipuko wanasheria huchukua siku ambazo kirusi hakisubiri. Masanduku ya tabaka tatu ya akiba, ya kundi la kawaida na la hatari, yaliyohesabiwa kila robo mwaka. Na watu wasiopungua wawili wenye cheti hai cha kusafirisha vitu hatari kwa ndege, maana cheti hicho huisha kila miezi 24, na mwenye cheti pekee akiwa likizo sanduku la Entebbe halitoki.